Kuvaa Nje ya Mada: Adabu ya Maleba Siku ya Utamaduni

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Ajabu ni kwamba siku hizi mgeni akija na vazi lisilotarajiwa, mwenyeji haponi, bali hununa! Mpenzi msomaji, makala haya yanahusu jambo linalozua ubishi kila mara Chama chetu cha Kiswahili kinapoandaa Siku ya Utamaduni. Je, mtu akija na maleba yasiyolingana na mada ya siku, tumfanyeje? Tumrudishe nyumbani? Tumcheke? Au tumwache aketi na wenzake, ale mahamri yake kwa amani?

Neno maleba si geni kwa aliyesoma fasihi simulizi. Ni mavazi ambayo fanani huyavaa ili afanane na kile anachokiigiza. Mada ya siku nayo ni mapatano tu. Waandalizi hutangaza gwarideni, "Mwaka huu tunavaa mavazi ya jamii za Kenya," nasi tunaitikia. Kwa hivyo, vazi lililo nje ya mada ni lile ambalo halimo katika mapatano hayo. Mwaka jana niliyaona mengi: agbada ya Kinijeria, jezi ya Harambee Stars, vazi jekundu la Spider-Man lililonunuliwa mitumbani Toi, na sare ya shule, ileile tunayovaa Jumatatu hadi Ijumaa.

Tusidhani kuwa ubishi huu ni wetu peke yetu. Huko Marekani, karibu na jiji la Los Angeles, mwalimu mmoja aitwaye Phyllis Patterson na mumewe Ron walianzisha maonyesho mwaka wa 1963 ambapo watu walivaa kama Waingereza wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Maonyesho ya aina hiyo yalienea katika majimbo mengi. Punde si punde wakaanza kuja maharamia, watu wenye mabawa ya vipepeo, na hata wanaanga wa sinema! Wapo wanaonung'unika kwamba mada inaharibiwa, na wapo wanaosema, "Si amelipa kiingilio? Mwache." Lakini kuna kanuni moja ambayo wengi wao huifuata: mwenye upanga huufunga kwa kamba kwenye ala yake ili usichomoke. Yaani, unaweza kuvaa utakavyo, ila usihatarishe mwenzako. Nitairudia kanuni hii.

Kabla ya kumnyoshea mtu kidole, tujiulize swali gumu kidogo. Hilo vazi "halisi" tunalolitetea lilitoka wapi? Chukua kitenge. Mama zetu wakienda harusini Kawangware au Kangemi hushona kitenge na kusema wamevaa Kiafrika. Naam, lakini vitambaa hivyo vya nta vilianza kama uigaji wa batiki za Java, na kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, mojawapo ya zilizovieneza Afrika, ilianzishwa mwaka wa 1846. Shuka nyekundu ya Mmaasai nayo ni kitambaa cha kiwandani kilichochukua nafasi ya ngozi. Je, mavazi haya si yetu? La hasha! Ni yetu kwa sababu tumeyavaa katika furaha na huzuni zetu mpaka yakatukubali. Hata hivyo, yanatufunza kuwa vazi la leo la utamaduni huenda jana lilikuwa nje ya mada.

Tena, vazi lilelile linaweza kuwa sawa hapa na kuwa kosa pale. Oktoba 2019, serikali iliagiza watumishi wa umma wavae mavazi yaliyotengenezwa Kenya siku za Ijumaa. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, akapiga marufuku suti za Kaunda bungeni, zile zilizopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Suti haikubadilika, mahali ndipo palibadilika. Kwa hivyo adabu ya mavazi haimo kwenye kitambaa. Imo katika kujua uko kwa nani, na yeye anaadhimisha nini.

Sasa tuingie katika adabu zenyewe. Nimezigawa sehemu mbili, kwa anayevaa na kwa anayepokea.

Wewe unayevaa nje ya mada, kwanza, usimpokonye mwenyeji jukwaa. Ikiwa zamu ni ya wacheza isukuti, usijipenyeze mbele na vazi lako la Spider-Man eti upigwe picha. Keti, piga makofi, furahi. Wala usiingie katika mashindano ya vazi bora la utamaduni, maana utamfanya jaji akose la kusema.

Pili, usiigize watu kwa dhihaka. Mtu akivaa kanzu na kofia, kisha akaanza kuyumbayumba kama mlevi, huyo hayuko nje ya mada tu, yuko nje ya utu. Vivyo hivyo kwa mavazi ya jando na mapambo ya wanawake walioolewa. Yana maana kwa wenyewe, na mwenye maana yake yuko papo hapo darasani. Kuvaa la jamii nyingine si vibaya. Bomas of Kenya ilipoanzishwa mwaka wa 1971, kikundi kimoja cha wachezaji kilicheza ngoma za jamii nyingi, wakibadilisha maleba kila ngoma. Lakini walijifunza kwanza! Basi nawe uliza: hili huvaliwa na nani, lini, kwa nini?

Tatu, soma jina la leso kabla hujaifunga. Leso ni barua. Ukiona huwezi kuyasoma maneno yake mbele ya mwalimu mlezi wa chama, tafuta nyingine. Pale Biashara Street mjini zimejaa, huwezi kukosa.

Nne, jihadhari na sheria. Ngozi ya mbega au ya chui si pambo la kuazima ovyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inakataza kumiliki vitu kama hivyo bila kibali. Ngozi ya mbuzi au mkonge uliotiwa rangi unatosha. Sare za polisi na za jeshi nazo usizivae bila idhini, hata kama ni za kuchekesha watu. Ukishuka stejini ukiwa umevaa hivyo, utajieleza kituoni, si ukumbini.

Tano ni ile kanuni ya upanga. Rungu na mkuki viwe vya mbao nyepesi au katoni, na visirushwe. Mchezo hugeuka kilio.

Nanyi waandalizi, hapa ndipo penye uzito. Mwaka jana wanafunzi watatu waliokuja na sare walizuiwa mlangoni na viranja. Walisimama kwenye jua mpaka ngoma ya pili ikaisha, kisha wakaenda zao. Mmoja wao ni jirani yangu. Nilipomuuliza kwa nini hakuvaa, alinijibu, "Nivae nini? Baba ni wa kwingine, mama ni wa kwingine, na mimi nimezaliwa hapa Kawangware. Na za kukodi wanataka dipoziti." Sikuwa na jibu. Yule wa Spider-Man, kwa kuwa alivaa "kitu", aliruhusiwa kuingia!

Wasomaji wenzangu, hebu tulipime jambo hili. Shule yetu ni ya kutwa. Tunatoka mitaa mbalimbali, kila mmoja na nauli yake ya matatu, na wengine hutembea. Anayevaa nje ya mada kwa mzaha na anayevaa nje ya mada kwa kukosa si sawa hata kidogo, ingawa mlangoni wanaonekana sawa. Wa kwanza anahitaji kukumbushwa adabu. Wa pili anahitaji kukaribishwa. Siku ya Utamaduni inayomfukuza mtu asiyekuwa na nguo imesahau utamaduni wenyewe, kwani ni jamii gani ya Kenya hii iliyofundisha watoto wake kumwacha mgeni nje?

Napendekeza mambo matatu mwaka huu. Mosi, mada itangazwe mwezi mmoja kabla, na iwe pana: "vazi, pambo au kitu kimoja chenye hadithi ya kwenu". Hata kibuyu cha nyanya, hata shanga moja. Pili, kuwe na sanduku la leso na mashuka mlangoni. Kila mwanachama alete moja nyumbani, iandikwe jina, na irudishwe jioni. Tatu, mtu yeyote asizuiwe kwa sababu ya sare. Hata sare ni vazi la jamii, jamii yetu sisi.

Kwa wale watakaokuja na Spider-Man tena, karibuni, ila viti vyenu ni vya nyuma. Kuvaa nje ya mada si dhambi. Lililo baya ni kumvunjia mwenzako heshima, au kumfungia mlango. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, lakini sisi wanachama tusiwe wa kuuangalia mkono wa mtu kwanza.

Wasalaam.