Filamu za Kikorea na uchumba wa vijana wetu

Katika makanisa yetu ya Kasongo na Kabambare kuna vijana wanaopenda sana filamu za Kikorea. Zinapita kutoka simu hadi simu, na jioni watu watano wanakusanyika mbele ya kioo kimoja kidogo. Wazazi wengine wanasema ni mambo ya dunia, kisha wananyamaza. Tunaona kunyamaza hakutoshi. Ni vizuri kwanza kuelewa filamu hizi zinapangwa namna gani.

Nyingi zinafuata njia moja. Msichana wa familia maskini anakutana na mtoto wa tajiri. Mwanzoni wanagombana. Mama ya kijana anakataa. Inatokea ajali au ugonjwa, kijana anamwokoa msichana, na mwisho wanapendana. Boys Over Flowers, iliyoonyeshwa Korea Kusini mwaka 2009 katika vipindi 25, ni mfano mzuri. Binti wa dobi anaonewa shuleni na mtoto wa tajiri, na ni huyo huyo anayekuja kuwa mpenzi wake.

Mwaka 2017 Maurene Goo, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Korea, alitoa riwaya ya vijana juu ya jambo hili, I Believe in a Thing Called Love. Desi Lee ni mwanafunzi wa sekondari kule California. Anafaulu masomo, ni kiongozi wa wanafunzi, anacheza mpira. Lakini kila akimpenda kijana, anajiaibisha. Baba yake, aliyefiwa na mke, anapenda sana filamu za Kikorea. Basi Desi anazitazama, anaandika orodha ya hatua za kupata mapenzi, na kuzifuata ili ampate Luca, kijana mchoraji. Anafika hata kupanga ajali ya gari. Mapenzi yanakuja kweli, lakini yamejengwa juu ya hila, na Desi analazimika kujifunza kwamba mapendo ya kweli hayapangwi kama filamu.

Riwaya hiyo inachekesha, lakini jambo lenyewe ni zito. Katika filamu kuna mtu aliyekwisha kupanga mwisho. Kijana mkali anageuka mpole kwa sababu mwandishi ameamua hivyo. Katika maisha hakuna anayetupangia hivyo. Binti wa Kabambare anayemngoja tajiri wa filamu anaweza kudhani amempata katika kijana aliyetoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila na pesa mfukoni. Akifokewa, anafikiri ndivyo mapendo yanavyoanza. Mimba ikiingia, kijana amekwisha kwenda chimbo lingine, na ni binti anayeacha shule.

Tukumbuke pia sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Inakataza uchumba na ndoa ya mtoto, maana yake mtu asiyetimiza miaka 18. Mzazi anayepokea mahari ya binti wa miaka 15 ili kufunika aibu anavunja sheria, hata kama kijana yuko tayari kuoa.

Biblia nayo inajua habari za mapenzi. Katika Mwanzo 29, Yakobo anatumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, mbele ya macho ya jamaa yake. Katika sura hiyo hiyo Labani anafanya hila usiku wa arusi, na Lea ndiye anayebeba uchungu wake. Muda unaonyesha moyo wa mtu. Hila inaacha jeraha ndani ya nyumba.

Basi wazazi na viongozi wa vijana, tusinyang'anye simu tu. Tuketi nao, tutazame pamoja, kisha tuwaulize: Kijana huyu anamheshimu msichana hata akiwa na hasira? Anasema kweli? Angekuwa hana pesa, ungemkubali? Kijana aliyezoea kujibu maswali hayo juu ya filamu atajua kuyauliza siku mchumba atakapobisha hodi.