Siri ya Namba Moja Iliyodumu Miaka 259

Mwanafunzi akituletea jibu la hesabu, sisi walimu humwuliza kwanza: «Umelihakikisha?» Hata wataalamu wakubwa hawakusamehewa swali hilo.

Ziko namba zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Huitwa namba tasa. Baadhi yake hupatikana hivi: andika 2 mara kadhaa, uzizidishe zote pamoja, kisha uondoe 1. 2 × 2 × 2 ni 8. Ondoa 1, inabaki 7, nayo ni tasa. Lakini njia hiyo hudanganya pia: 2 ikiandikwa mara 11 inatoa 2,048; ondoa 1, inabaki 2,047, ambayo ni 23 × 89.

Huko Paris, Padri Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi, alizichunguza namba hizo. Mwaka 1644 aliandika kwamba 2 ikiandikwa mara 67 itatoa namba tasa. Namba yenyewe ndiyo hii: 147,573,952,589,676,412,927. Nani angethubutu kuigawanya?

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa, lakini hakuonyesha inagawanyika kwa nini. Ikawa kama mtungi unaovuja, na ufa wake hauonekani.

Ndipo, mwezi wa Oktoba 1903, mwalimu Frank Nelson Cole aliposimama mbele ya mkutano wa wanahisabati wa Marekani huko New York. Husimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja wa ubao alizidisha zile 2 zote 67, akaondoa 1. Upande wa pili alizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa sawa. Akarudi kuketi, nao wakampigia makofi. Yasemekana kwamba alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Enyi wanafunzi, kutafuta kulikuwa kazi ya miaka; kuhakikisha ni kazi ya kalamu na karatasi moja. Anzeni na jaribio la tisa, yaani jumlisheni tarakimu mpaka ibaki moja. Namba ya kwanza ya Cole inatoa 37, kisha 10, kisha 1. Ya pili inatoa 64, kisha 10, kisha 1. Basi 1 × 1 ni 1. Na ile namba kubwa? 109, kisha 10, kisha 1! Walakini jaribio hilo hufichua makosa mengi, si yote. Kwa hiyo zidisheni mpaka mwisho.

Padri Mersenne hakupoteza heshima yake: hata leo namba za aina hiyo huitwa kwa jina lake. Lakini jina kubwa halifanyi hesabu kuwa kweli. Mwenye kufanya kazi kwa subira aweza kumsahihisha mkubwa bila kumdharau.