Kinywe cha Kalamu Kinavyotunza Umeme wa Taa

Chukueni kalamu ya risasi ya mtoto wenu wa shule, mkaisugue ncha yake kidoleni. Mtaona weusi unaong'aa na kuteleza. Jina la kalamu hiyo linatudanganya, maana ndani yake hamna risasi hata chembe. Weusi ule ni madini ya kinywe, yaliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Madini hayo yamo ardhini mwetu Mahenge na Ruangwa, na ndiyo hayo hayo yamo ndani ya betri za simu na za taa nyingi za jua tunazowasha usiku.

Kinywe ni kaboni, ndugu yake makaa na almasi, ila kimepangwa kwa matabaka kama kurasa za kitabu. Kila ukurasa ni imara mno, lakini haukushikamana sana na mwenzake. Ndiyo sababu ukiandika kurasa huteleza zikabaki karatasini. Mwaka 2004, mjini Manchester, Uingereza, Andre Geim na Konstantin Novoselov walizibandua kwa utepe wa gundi tu, hata wakapata ukurasa mmoja wenye unene wa chembe moja ya kaboni. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuje kwenye betri. Betri ya tochi ya kawaida ina kopo la zinki, na kopo hilo huliwa kidogo kidogo tochi inapowaka. Ukiianika juani itawaka kitambo tu, kisha yatatoka maji yanayoharibu tochi. Betri ya lithiamu si hivyo. Upande mmoja umo kinywe. Upande wa pili, katika betri nyingi za simu, imo kobalti yenye oksijeni, nayo ina matabaka vilevile. Ukichaji, chembe za lithiamu hutoka kwenye kobalti, zikaja kulala katikati ya kurasa za kinywe, moja kwa kila chembe sita za kaboni. Ukiwasha taa hurudi zilikotoka, na umeme hupita katika waya. Ni kama wageni wanaolala na kuondoka, nyumba ikabaki imesimama. Kinywe huvimba kadiri ya sehemu moja katika kumi, kisha husinyaa. Lakini katika kila safari lithiamu kidogo hunaswa njiani, na kwa hiyo betri huzeeka.

Haikupatikana kwa urahisi. Katika miaka ya 1970, huko Marekani, Stanley Whittingham alitumia matabaka ya titani na salfa, na upande wa pili akaweka lithiamu tupu. Ilipochajiwa mara nyingi, lithiamu ile iliota miiba kama mchongoma, ikatoboa pazia linalotenga pande mbili, moto ukawaka. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough alileta kobalti. Wakati huo huo Rachid Yazami, mtoto wa Moroko aliyekuwa Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu yaweza kuingia katika kinywe na kutoka. Naye Akira Yoshino wa Japani, mwaka 1985, aliiondoa lithiamu tupu akaweka kaboni badala yake. Betri zikaanza kuuzwa mwaka 1991. Nobel ya mwaka 2019 walipewa Whittingham, Goodenough na Yoshino. Yazami hakuwamo, ingawa kinywe ndicho kinachotumika mpaka leo. Mimi naona yafaa watoto wetu walijue jina lake.

Miiba ile yaweza kuota hata sasa, betri ikichajiwa vibaya. Mwaka jana kijana wa jirani yangu aliona betri ya simu imevimba, akaitoboa kwa msumari apate kutoa hewa. Ilifuka moshi, ikalipuka moto, mkeka ukaungua na vidole vyake viwili vikafanya malengelenge. Kumbe pande zile mbili zilikutanishwa na msumari, na maji yaliyomo ndani huwaka kama petroli.

Basi betri iliyovimba isitobolewe, isichajiwe tena, wala isitupwe motoni au chooni. Iwekeni nje katika kopo lenye mchanga mkavu, mbali na nyasi na mahali watoto wasipofika, mpaka apatikane fundi au duka linalopokea betri mbovu.