Utangulizi: Relei Nyingi, Saa Moja

Tuanze na mashine ya kutotolea vifaranga yenye relei tatu: ya hita, ya feni na ya mota inayogeuza mayai. Joto linatakiwa likae karibu na nyuzi 37.5 kwa siku 21, na mota izunguke dakika moja kila baada ya saa chache. Anayeanza na Arduino huandika: washa mota, delay milisekunde 60,000, zima mota. Mota itatii. Lakini kwa dakika hiyo nzima hakuna anayesoma kipimajoto, na hita iliyokutwa inawaka itaendelea kuwaka.

Fani yetu ya kuendesha relei nyingi kwa saa moja inaanzia hapo. Chipu ya Arduino Uno hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, na delay huyapoteza yote kwa kungoja. Dawa yake ni kuuliza saa: amri ya millis hutaja milisekunde zilizopita tangu bodi iwashwe. Kila relei itunziwe mstari wake katika jedwali, wenye mambo matatu, yaani hali iliyomo, wakati ilipobadilika, na muda wa kukaa hivyo. Programu ipite kwa kila moja bila kusimama: muda umetimia, igeuze; bado, endelea mbele. Ikija relei ya nne, unaongeza mstari mmoja tu kwenye jedwali.

Kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote katika fani hii. Hesabu ya millis ina biti 32, kwa hiyo hurudi sifuri baada ya siku 49.7 hivi. Wengi hulihofia hilo wakapanga kuizima na kuiwasha bodi kabla ya siku hiyo. Hakuna haja, mradi utumie kutoa. Uliza kama "sasa" kutoa "mwanzo" kumefikia muda, kwa namba za biti 32 zisizo na hasi, na jibu litakuwa sahihi hata saa ikivuka sifuri, maana kutoa nako huzunguka vilevile. Ukijumlisha "mwanzo" na muda, kisha ukalinganisha na "sasa", relei yaweza kuzimika papo hapo. Kwenye karatasi hesabu hizi mbili ni sawa. Ndani ya chipu zinaachana. Wala usitunze wakati katika int, ambayo kwenye Uno hukomea 32,767: hata sekunde 33 hazifiki.

Kwa zoezi la kwanza, weka taa za LED mahali pa relei. Kumbuka pia kwamba bodi nyingi za relei huwaka pini inapokuwa chini, si juu. Hakikisha hilo kabla ya kugusa umeme wa volti 230.