Kuzitazama Barabara Zetu kutoka Juu

Mvua zinapoanza mwezi wa Novemba, kila mtu katika mkoa wetu wa Katavi huanza kuuliza habari za barabara. Mpunga wa Majimoto na Usevya, tumbaku ya Mishamo na Katumba, na mgonjwa anayeletwa hospitali ya Mpanda, vyote hupita katika njia ambazo nyingi ni za udongo au changarawe. Tena yafaa tukumbuke jambo moja: njia ya kilomita 50 ikikatika mahali pamoja tu, zile kilomita nyingine zote hazina faida siku hiyo. Kwa hiyo kazi kubwa ni kupajua mahali hapo mapema, kabla maji hayajapajua.

Adui wa barabara ya udongo ni maji. Fundi mzuri huijenga yenye mgongo katikati, ili mvua iteremke pande zote mbili na kuingia katika mitaro. Barabara yenye upana wa mita 6 yataka katikati pake pawe juu kuliko kando kwa sentimita 15 hivi. Magari yakiusawazisha mgongo huo, maji hukaa. Yakikaa, udongo hulainika. Ukilainika, magurudumu huchimba mifereji, na mashimo hufuata.

Namna ya zamani ya kukagua ni mtu kupita na gari, akiandika aonayo. Ni njia nzuri, lakini huenda polepole. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, unatunza zaidi ya kilomita 144,000 nchini. Isitoshe, aliye garini huhisi shimo, lakini haoni maji yaliyolichimba yametoka wapi.

Ndiyo maana wataalamu wametafuta msaada wa picha za angani. Picha hizo si jambo geni kwetu. Serikali ya Uingereza ilianzisha ofisi ya upimaji mwaka 1946, na ramani nyingi za Tanganyika zilichorwa kwa picha zilizopigwa na ndege. Jambo jipya ni ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo wengi huiita droni. Tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikisaidiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilizitumia ndege hizo kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani.

Je, picha iliyo bapa yawezaje kuonyesha kina cha shimo? Fumba jicho moja ujaribu kutunga uzi katika sindano, nawe utaona taabu yake. Macho mawili hutazama kitu kutoka mahali pawili, na kwa tofauti hiyo tunajua umbali. Droni nayo hupiga picha mfululizo, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Kisha kompyuta hulinganisha picha hizo na kutengeneza umbo la barabara lenye urefu, upana na kimo.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme picha ina nukta 4,000 kwa upana, nayo imefunika mita 40 za ardhi. Kila nukta basi ni sentimita 1, na shimo la sentimita 30 laonekana wazi. Lakini setilaiti nzuri ambayo nukta yake ni sentimita 30 italiona shimo hilo kama nukta moja tu. Setilaiti yafaa kutazama njia ndefu kwa mara moja. Droni yafaa kuchunguza mahali penye mashaka. Huko Marekani, wataalamu wa chuo kikuu cha Michigan Tech walifanya majaribio ya namna hii katika miaka ya 2010, nao waliweza kupima mashimo, mifereji ya magurudumu na mgongo wa barabara za changarawe.

Hata hivyo, tusidhani kamera ni mganga wa kila ugonjwa. Miti ya miombo ikiifunika njia, picha huonyesha majani tu. Dimbwi la maji machafu huficha kina chake. Na udongo mweusi wa mbugani huonekana mgumu kama saruji mwezi wa Agosti, kumbe mwezi wa Februari humeza lori. Hapo hapana budi mtu aende kwa miguu, achimbe, na kuwauliza wenyeji. Tena ndege hizo hairuhusiwi kuzirusha ovyo. Lazima kwanza kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Faida kubwa huja picha zinapopigwa mara mbili, kabla ya mvua na baada yake, zikalinganishwa. Ndipo huonekana karavati lililoziba, shamba lililolimwa hadi ndani ya mtaro, na mapito ya ng'ombe yaliyogeuka korongo. Fedha za matengenezo ni chache, nazo zapaswa kwenda kwanza mahali panapoweza kuifunga njia nzima. Picha yaweza kutuonyesha mtaro ulioziba, lakini haiwezi kuuzibua. Kazi hiyo yangoja jembe, na mwezi mzuri wa kulishika ni Oktoba.