Dawa ya uraibu wa kokeini: panya ametufundisha nini? (Sehemu ya Pili)

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi kokeini inavyoizuia dopamini isirudi ndani ya seli za ubongo, ikarundikana na kumpa mtumiaji raha kali isiyodumu. Msomaji mmoja anaweza kuuliza: mraibu wa heroini huenda Muhimbili kunywa methadoni, huduma iliyoanza pale mwaka 2011. Wa kokeini je? Hana chake. Hata Marekani, ambako utafiti huu umefanyika kwa miongo mingi, mamlaka ya dawa haijaidhinisha dawa hata moja.

Si kwamba hazikutafutwa. Utafutaji huanzia kwa panya. Hutiwa mpira mwembamba kwenye mshipa wa shingo, na kila akibonyeza kitufe, kokeini kidogo huingia kwenye damu yake. Hahitaji kufundishwa sana. Mwaka 1985 Michael Bozarth na Roy Wise, wa Montreal, waliwaacha panya wabonyeze watakavyo kwa siku 30. Waliokuwa wakipata heroini walikufa asilimia 36. Wa kokeini, asilimia 90, baada ya kubonyeza kwa vipindi vya fujo na kukonda vibaya.

Dawa inayojaribiwa hupewa panya aliyekwisha kunogewa, kisha mtafiti huhesabu. Panya akipunguza kubonyeza, bado si wakati wa kushangilia, maana huenda amesinzia tu. Ndiyo maana hupimwa pia kwa kitufe cha chakula: akikiacha nacho, dawa imemlegeza, haijamtibu.

Baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, ilifaulu kwa panya. Mwaka 2009 ikajaribiwa kwa waraibu sugu na haikuonyesha nafuu. Chanjo ilileta matumaini makubwa zaidi. Chembe ya kokeini ni ndogo mno, kinga ya mwili haiitambui. Basi wanasayansi waliibandika kwenye protini ili mwili utengeneze kingamwili za kuinasa katika damu kabla haijafika ubongoni. Mwaka 1995 mbinu hiyo ilipunguza athari za kokeini kwa panya. Lakini katika jaribio la binadamu lililochapishwa mwaka 2009, ni asilimia 38 tu ya waliochanjwa waliopata kingamwili za kutosha, na jaribio kubwa zaidi lililofuata halikufua dafu.

Kwa maoni yangu, kasoro haiko kwa panya, iko kwenye kizimba. Mnyama aliye peke yake, mwenye kitufe kimoja, atafanya nini kingine? Mwaka 2007 Serge Ahmed na wenzake huko Bordeaux waliongeza cha pili, kilichotoa maji yenye sakarini. Panya 94 katika kila 100 wakachagua utamu, wakaiacha kokeini. Binadamu si panya, na mwenye kulala barazani hana maisha ya kuchagua kama ya mwenye kazi na familia. Hata hivyo, dawa iliyojaribiwa mahali pasipo na chaguo haituambii itafanya nini mtaani, penye machaguo mengi, mabaya kwa mazuri.

Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa sasa wala si kidonge: mraibu hupewa vocha kila mkojo wake unapopimwa na kukutwa hauna kokeini. Tutaieleza tiba hiyo, pamoja na gharama zake, katika toleo lijalo.