Mzee Aliye Mikononi mwa Mwingine: Haki Zake na Mahali pa Kupeleka Malalamiko

Mzee anayelishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kitandani kwa mkono wa mtu mwingine hana njia nyepesi ya kulalamika. Yule ambaye angemshitaki ndiye anayemletea uji asubuhi, na ndiye atakayebaki naye chumbani mgeni akishaondoka. Ndiyo maana wazee wengi, wakiulizwa hali, hujibu kwamba ni njema, na mgeni huenda zake akiwa ameridhika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya kila 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hufanyiwa aina fulani ya ukatili katika jamii ndani ya mwaka mmoja. Kuhusu makazi ya kutunzia wazee, tafiti ambazo shirika hilo linazirejea, zilizofanyika hasa nje ya Afrika, zilionyesha kuwa watumishi 2 kati ya 3 walikiri kumtendea mzee vibaya katika mwaka uliotangulia. Maneno hayo yalitoka kwa watumishi wenyewe, si kwa wazee.

Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na inaiona familia kuwa mahali pa kwanza pa matunzo. Makazi ya wazee, kama yale ya Nunge Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro na Kolandoto mkoani Shinyanga, yamewekwa kwa ajili ya wasio na ndugu wa kuwatunza wala uwezo wa kujikimu. Baadhi ya makazi ya namna hiyo yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na pengine ndiyo sababu wapo wanaoyaona hadi leo kuwa mahali pa kusahauliwa. Kisheria sivyo. Heshima ya utu inayotajwa katika ibara ya 12 ya Katiba, na katazo la kuteswa na kudhalilishwa lililomo katika ibara ya 13, humfuata mtu hadi kitandani mwake, awe katika makazi ya Serikali, ya taasisi ya dini au nyumbani kwa mwanawe.

Watu wengi hudhani kuwa kosa huanza pale mzee anapopigwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakwenda mbali zaidi. Yeyote aliye na dhamana ya kumtunza mtu ambaye, kwa sababu ya umri, maradhi au hali ya akili, hawezi kujiondoa katika dhamana hiyo wala kujipatia mahitaji ya lazima ya maisha, ana wajibu wa kumpatia mahitaji hayo. Ni mamoja kama dhamana hiyo imetokana na mkataba, na sheria, au na kitendo cha mtunzaji mwenyewe. Asipoutimiza wajibu huo, sheria humhesabu kuwa ndiye aliyesababisha madhara ya uhai au afya yaliyofuata. Kwa hiyo mkono ambao haukuinuliwa kumpiga mzee, lakini haukumpa maji siku nzima, nao unaweza kufikishwa mahakamani.

Dalili za kupuuzwa huonekana mwilini kabla ya kusikika mdomoni. Vidonda vya mgongoni, nyongani na visiginoni huwapata wanaolazwa upande mmoja kwa saa nyingi bila kugeuzwa. Midomo iliyokauka, nguo zinazoanza kupwaya, godoro lenye harufu ya mkojo wa siku nyingi, kucha ndefu, dawa za shinikizo la damu zisizoguswa, au mzee aliyekuwa mchangamfu kuanza kusinzia mchana kutwa: kila moja kati ya hayo lastahili kuulizwa. Alama moja ya kuvilia damu si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa ngozi ya uzeeni huvilia upesi. Lakini alama zinazojirudia, kila moja ikiwa na maelezo yake, ni jambo jingine. Mzee aulizwe akiwa peke yake, bila mtunzaji kusimama mlangoni.

Ipo pia dhuluma ya mali, ambayo mara nyingi huja kwa upole. Mzee huletewa karatasi, hushikwa mkono, dole gumba likawekwa, na shamba likawa limeuzwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haitambui ridhaa iliyopatikana kwa shuruti au kwa ushawishi usiofaa, na inawataja waziwazi watu ambao akili zao zimeathiriwa na umri au maradhi. Mnufaika aliyekuwa na nguvu juu ya mzee huyo ndiye anayeweza kutakiwa kuthibitisha kuwa hakuitumia vibaya.

Taarifa hupelekwa kwanza kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au moja kwa moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Penye majeraha, Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya uchunguzi wa daktari, na Dawati la Jinsia na Watoto hupokea malalamiko ya ukatili wa majumbani. Ikiwa anayelalamikiwa ni kiongozi wa makazi ya umma, mlalamikaji anaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Taarifa yenye tarehe, saa na kilichoonekana kwa macho ina uzito kuliko tetesi. Mzee mwenye akili timamu asikilizwe anataka nini. Kumhamisha bila ridhaa yake ni kumwongezea dhuluma. Na mtunzaji aliyeelemewa, kama mkwe mmoja mwenye mgonjwa wa kiharusi na watoto wadogo, huhitaji msaidizi kabla ya kuhitaji askari; hilo nalo lisemwe katika taarifa.

Taarifa inaweza kutolewa kwa mdomo. Asiyejua kuandika aombe kuandikiwa, kisha asomewe yote yaliyoandikwa kabla ya kuweka dole gumba.